Majike hawashiki mimba: kutafuta kosa kwa farasi dume wa mbegu

Malalamiko huja na sura ileile: "Dume anapanda vizuri tu, lakini majike wanarudi kwenye joto." Neno la kulitilia shaka hapo ni hilo "vizuri". Dume anaweza kupanda kwa kishindo asimwage kitu. Anaweza kumwaga shahawa tele yenye mbegu chache. Anaweza pia kuwa mzima kabisa, kosa likawa kwenye ndoo ya maji ya sabuni tuliyomwoshea. Hapa tunaanza na kile unachokiona bandani, kisha tunashuka kwenye vyanzo, vya kila siku kwanza na vya nadra mwisho.

Kalenda kabla ya hadubini

Korodani ya farasi huchukua siku 57 hivi kuunda mbegu. Baada ya hapo mbegu husafiri siku 8 hadi 11 ndani ya epididimisi, ule mrija uliojikunja juu ya korodani, ikikomaa. Kwa hiyo shahawa ya leo inakueleza habari za miezi miwili iliyopita. Ukitibu leo, usitarajie jibu la kweli kabla ya siku 60 hadi 70.

Mwenye farasi mmoja aliniapia kwamba dume wake hakuugua mwaka mzima. Tukafungua daftari la banda. Mwandiko wa kijana anayelisha ulikuwa pale, kalamu ya risasi: "kabakiza chakula, mwili moto, kadungwa sindano." Wiki tisa nyuma. Homa ya siku tatu ilikuwa imeshasahaulika, ila korodani hazikuisahau. Andika tarehe za homa, chanjo, safari, dawa na kila jike aliyepandwa. Bila daftari hilo, hata daktari hodari atakuwa anabahatisha.

Vipimo vya kulinganishia: dume mzima mwenye afya humwaga mililita 30 hadi 100 ukiondoa ute mzito, na kila mililita huwa na mbegu milioni 100 hadi 350. Mara nyingi jumla huwa kati ya bilioni 5 na 15. Ujazo peke yake hausemi kitu, maana dume aliyesimamishwa muda mrefu mbele ya jike huongeza maji, si mbegu. Zidisha ujazo kwa idadi ya mbegu katika mililita moja, ndipo uanze kuzungumza.

Dalili: majike wengi wanarudi kwenye joto

Anza kwa kuhesabu. Hata dume mzuri hashikishi majike wote kwa joto moja. Akishikisha 60 kati ya 100 kwa kila joto, huyo ni wa kutunzwa. Wakirudi wanne kati ya kumi, hapo hakuna kesi.

Chanzo cha kwanza, na kinachoongoza kwa mbali, ni muda. Jike hukaa kwenye joto siku 5 hadi 7, na yai hutoka katika saa 24 hadi 48 za mwisho wa joto hilo. Kwa kawaida mbegu hudumu ndani ya jike kama siku mbili. Ukimpandisha siku ya kwanza kisha ukamrudisha malishoni, mbegu zitakufa kabla yai halijatoka. Mpandishe tena kila baada ya siku moja, kuanzia siku ya pili au ya tatu hadi atakapomkataa dume, au mwombe daktari apime yai kwa ultrasaundi.

Cha pili ni majike wenyewe. Wagawe kwenye karatasi: vijana, wanaonyonyesha, waliovuka miaka 15, na wale waliomaliza msimu uliopita bila mimba. Wanaorudi wakiwa wengi kwenye makundi mawili ya mwisho, kagua matumbo ya uzazi ya majike hao kwanza. Wakirudi hata vijana waliozaa mwaka jana bila shida, sasa mgeukie dume.

Cha tatu: je, alimwaga kweli? Hili hupimwa bila kifaa chochote. Dume anapomwaga, mkia wake hupiga juu na chini kwa mapigo. Mshikaji mzoefu aliyesimama kando, kofia ngumu kichwani, akiweka kiganja chini ya shina la uume atasikia mrija wa mkojo ukipiga mara kadhaa, kama mpira wa maji unaokatwakatwa. Mkia peke yake hudanganya, kwani wapo madume wanaoupiga wakitafuta mizani tu. Anaposhuka, kinga tone linalodondoka kwa kikombe kikavu chenye uvuguvugu na ulitazame kwenye hadubini. Ukiona mbegu ndani ya tone, jibu unalo.

Cha nne ni kazi kupita kiasi, nayo tunaigusa hapo chini.

Dalili: mbegu hazitembei, au zimekufa

Sitazunguka: mara nyingi tumeziua sisi. Mbegu ya farasi haivumilii baridi ya ghafla, maji, sabuni, dawa ya kuulia vijidudu wala jua. Pitia mambo haya kwa mpangilio kabla ya kumgusa farasi:

- Kioo cha hadubini kilikuwa na joto gani? Weka tone la shahawa ileile kwenye vioo viwili, kimoja cha mezani, kingine kilichopashwa hadi nyuzi 37. Kwenye cha baridi mbegu huzungukazunguka au kutetemeka papo hapo. Kwenye cha moto zinakwenda mbele. Tofauti hiyo ikijitokeza, dume wako hana kosa.
- Chupa, uke bandia (kifaa cha kukusanyia shahawa) na bomba la sindano vilisuuzwa kwa nini? Mabaki ya sabuni yanatosha kuua. Mabomba yenye mpira mweusi kwenye kisukumio nayo hudhuru mbegu, kwa hiyo tafuta yale ya plastiki tupu.
- Mafuta ya kulainishia uke bandia ni ya aina gani? Mengi yanayouzwa kwa matumizi mengine huua mbegu. Tumia yale yaliyotengenezwa kwa kazi hii, tena kidogo.
- Ulipima shahawa mbichi? Mbichi hugandana vichwa, mwendo ukaonekana mbaya kuliko ulivyo. Ichanganye kwanza na kichanganyio chenye maziwa na glukosi, kikiwa na joto lilelile la shahawa.

Ukisharekebisha hayo yote, kusanya shahawa tena kesho. Mbegu zikibaki zimelala, waza kuhusu mapumziko marefu. Dume aliyekaa wiki nyingi bila kazi hutoa kwanza mbegu zilizochakaa. Mkusanye kila siku kwa siku kadhaa. Mwendo ukipanda siku hadi siku, tatizo limekwisha lenyewe.

Wapo madume ambao mapumziko huwaziba kabisa. Mbegu hujazana kwenye ampula, sehemu pana za mwisho wa mirija ya mbegu karibu na kibofu. Dalili zake huwezi kuzikosea ukishaziona mara moja: shahawa nzito kupita kawaida, mbegu karibu zote zimekufa, na uwanja mzima wa hadubini umejaa vichwa visivyo na mikia, kama punje zilizomwagika sakafuni. Daktari hukanda ampula kupitia njia ya haja kubwa, akisaidia kwa homoni ya oksitosini, kisha dume hukusanywa mara kwa mara hadi njia isafike. Baada ya hapo usimlaze tena. Dume wa namna hii anahitaji kumwaga kwa ratiba hata nje ya msimu.

Kukanda ampula si kazi ya kujaribu mwenyewe. Utumbo wa farasi ukichanika kwa mkono, mara nyingi ndiyo safari yake.

Nyuma ya hayo huja joto: homa, uvimbe wa pumbu, maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Hapo kazi yako ni kuondoa chanzo na kusubiri zile siku 60 hadi 70. La mwisho ni kuchakaa kwa korodani zenyewe, hasa kwa dume mzee. Hulegea, husinyaa, na upana wa pumbu, ambao kwa dume aliyekomaa unatakiwa ufike angalau sentimita 8, hushuka mwaka hadi mwaka. Kwa huyo hakuna dawa ya kurudisha ujana. Kilichopo ni kumpunguzia majike na kumpandisha karibu sana na muda wa yai kutoka.

Dalili: mbegu zinatembea, lakini ni chache

Kazi nyingi kuliko uwezo ndiyo chanzo cha kawaida. Pima hivi: kusanya shahawa mara mbili, saa moja katikati. Ya pili inatakiwa iwe na karibu nusu ya mbegu za kwanza, na mwendo usiwe mbaya kuliko wa kwanza. Ya pili ikiwa na mbegu chini sana ya nusu, akiba imekauka. Ikilingana na ya kwanza au kuizidi, basi ya kwanza haikutoka yote, au kuna mziba. Madaktari wengi hutumia jaribio hili kumpima dume kabla ya kununuliwa, na hutaka ile ya pili iwe na angalau mbegu bilioni 1 zenye umbo zuri na zinazokwenda mbele. Ukitaka kujua anatengeneza mbegu ngapi kwa siku, mkusanye kila siku kwa wiki moja. Hesabu ikishatulia, hiyo ndiyo mali yake ya kweli, na ndiyo inayokwambia upokee majike wangapi.

Msimu nao huchangia. Farasi huzaliana siku zikiwa ndefu, na kwenye nchi zenye majira ya baridi uzalishaji wa mbegu unaweza kushuka hadi karibu nusu. Karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, usikimbilie kulaumu msimu. Umri pia: dume wa miaka miwili anaweza kuzalisha, lakini hajafika pale atakapokuwa akiwa na miaka minne au mitano.

Sasa sindano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili hufanywa kwa nia njema. Dume anaonekana mzito, mtu anamdunga testosteroni "kumwamsha". Ubongo unaiona homoni hiyo kwenye damu, unadhani korodani zimefanya kazi ya ziada, unaacha kuzituma. Ndani ya korodani testosteroni inahitajika kwa kiwango kikubwa kuliko cha kwenye damu, na sindano haiwezi kukifikia. Korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, huku dume akiendelea kulia kwa majike. Steroidi za kujenga misuli hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo dume aliyetoka mbioni au kwenye maonyesho muulizie historia yake yote ya dawa. Wengi hurudi baada ya kuachishwa, lakini huchukua miezi.

Kama hakuna mbegu hata moja, omba maabara ipime kimeng'enya cha alkalini fosfatezi kwenye shahawa. Kimeng'enya hiki hutoka epididimisi. Kikivuka uniti 1,000 kwa lita, dume amemwaga kikamilifu na korodani ndizo hazitengenezi. Kikiwa chini ya 100, ama hakumwaga ama mirija yote miwili imeziba, na kuna la kujaribu. Ni kipimo cha bei ndogo kinachookoa ubishi mwingi.

Utasa wa namna hii hauchagui hadhi. Cigar, farasi wa Marekani aliyeshinda mbio 16 mfululizo katika miaka ya 1990, alipelekwa kwenye kuzalisha mwaka 1997 na hakupata mtoto hata mmoja. Ushindi haupimi korodani. Pima kabla ya kulipa.

Dalili: rangi ya shahawa imebadilika

Ya kawaida ni nyeupe kama maziwa yaliyoongezwa maji.

*Nyekundu au ya waridi.* Kwanza tazama uume kwa nje: mchubuko, kidonda, kovu la teke. Kidonda chenye chembe ngumu za njano kisichopona wakati wa nzi kinaweza kuwa cha minyoo ya Habronema. Kinachokua kama koliflawa kitazamwe haraka, huenda ni saratani. Nje pakiwa safi, mpasuko upo ndani ya mrija wa mkojo, na daktari ataingiza kamera kuutafuta. Mpasuko huo huhitaji mapumziko ya wiki au miezi. Mwenye dume akimpandisha "mara moja tu" unafunguka upya. Damu nyingi kwenye shahawa hushusha uwezo wa kushikisha hata mbegu zikionekana nzima.

*Ya njano, yenye harufu ya mkojo.* Mkojo huua mwendo. Mwache akojoe kabla ya kukusanya. Wengi hukojoa ukiwawekea matandiko mapya au kinyesi cha dume mwingine. Ikijirudia, kusanya kwa vipande, maana mara nyingi kipande cha kwanza huwa safi. Asiyeweza kabisa kuzuia mkojo achunguzwe mishipa ya fahamu.

*Yenye mabonge au usaha.* Hapa usipandishe jike yeyote. Mwite daktari achukue sampuli kabla hujatoa antibayotiki, kwa sababu dozi moja ya kubahatisha huficha kijidudu bila kukiua.

Dalili: hataki, au anapanda bila kumwaga

Maumivu hutangulia. Dume mwenye mgongo mbovu au vifundo vya miguu ya nyuma vinavyouma hupanda, husukuma mara mbili tatu, hushuka, hurudia. Mkimbize kwenye ardhi ngumu umtazame anavyotembea. Sanamu la kupandia likiwa juu sana, lishushe. Uke bandia ukiwa wa baridi naye hamalizi. Wengi hutaka ndani kuwe na nyuzi 44 hadi 48, lakini usivuke hapo.

Kisha mikono ya watu. Dume aliyechapwa kwa kuonyesha hamu enzi za mashindano haelewi kwa nini leo anaruhusiwa. Mpe mahali pake pa kupandia, hatamu yake ya kazi hiyo tu, mshikaji mmoja mtulivu na jike aliye kwenye joto kamili. Wengine wana upendeleo tu. War Emblem, mshindi wa Kentucky Derby ya 2002, aliuzwa Japani akajulikana kwa kuwakataa majike wengi aliopelekewa. Homoni za kuongeza hamu zipo, daktari ndiye wa kuzipanga.

Onyo moja: usimtulize dume kwa aseipromazini ili apande kwa adabu. Dawa za kundi hilo zinaweza kuufanya uume ulegee nje na usirudi tena.

Dalili: pumbu limevimba, au uume haurudi ndani

Hapa hakuna uchunguzi wa nyumbani. Pumbu lililovimba ghafla na dume anayetokwa jasho kwa maumivu linaweza kuwa korodani iliyojinyonga au utumbo ulioshuka. Saa ndizo zinazoamua. Uume uliobaki nje uinue kwa kitambaa safi, uulinde usikauke, na simu iwe sikioni tayari.

Dalili: shahawa ya kusafirishwa ni nzuri ikiwa mbichi, imekufa ikifika

Swali la kwanza ni mwendo wa kupoza. Kati ya nyuzi 20 na 5 shahawa ipoe polepole sana, chini ya nusu nyuzi kwa dakika. Barafu iliyogusa chupa moja kwa moja huharibu kila kitu. La pili ni wingi: changanya hadi mbegu milioni 25 hadi 50 kwa mililita, na pakia bilioni 1 zinazokwenda mbele ili angalau nusu zifike hai. La tatu ni maji ya asili ya shahawa, ambayo kwa baadhi ya madume ni sumu wakati wa kupoza. Yapunguze kwa mashine ya kuzungusha, kisha jaribu vichanganyio viwili vitatu tofauti. Fanya jaribio hilo msimu haujaanza.

Dalili: kila kitu kinaonekana kizuri, bado hawashiki

Tazama majike siku chache baada ya kupandwa. Wakitoa uchafu, dume anaweza kuwa anabeba kijidudu bila kuumwa. Taylorella equigenitalis, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1977, hukaa kwenye mikunjo ya uume pasipo dalili yoyote kwa dume. Pseudomonas na Klebsiella nao vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba kumwosha kila siku kwa dawa kali huwaongeza hao wawili, kwa kuwa huua bakteria wazuri waliokuwa wakiwazuia. Maji safi ya uvuguvugu na pamba vinatosha. Virusi vya ateritisi ya farasi navyo hutoka kwenye shahawa ya dume anayeonekana mzima, na hupimwa. Uvimbe wa sehemu za siri ukiambatana na mabaka yaliyovimba kwenye ngozi, waza kuhusu dourine, ugonjwa wa farasi unaoambukizwa kwa kupandana: simamisha upandishaji na uwaarifu maofisa wa mifugo.

Sampuli zikirudi safi, wakati umefika wa vipimo vya ndani: kuvunjika kwa DNA ya mbegu, kromosomu, na uwezo wa kichwa cha mbegu kufunguka kinapokutana na yai. Kwa baadhi ya madume wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, tatizo hilo la mwisho limehusishwa na jeni ya FKBP6. Mbegu zao ni nyingi, zina umbo zuri, zinakwenda mbele kwa nguvu, na zinaishia kwenye ganda la yai. Huambulia mimba chache sana, na hakuna dawa. Uhimilishaji hauwasaidii, mbali na kwamba watoto wa Thoroughbred waliopatikana kwa njia hiyo hawaandikishwi. Wenye madume kama hao huwahasi na kuwarudisha kwenye tandiko.